Nimejumlisha matumizi ya ngozi ya mtoto mwaka mzima, yamezidi ada. Hela inaishia wapi?

#1 BabaWawili
Wakuu, salaam. Mtoto wangu wa kwanza ana miaka sita na ana pumu ya ngozi tangu akiwa wa miezi minne. Viwiko, nyuma ya magoti, shingo, na baridi ikikaza hadi mashavu. Mwaka jana Januari nilinunua daftari nikaanza kuandika kila shilingi inayokwenda kwenye hiyo ngozi, maana kila mwisho wa mwezi mimi na mama yake tulikuwa tunatafutana ubaya kuhusu hela. Nimefunga hesabu.

Dawa za kupaka za tyubu 168,000. Mafuta na sabuni "maalumu" 231,000. Dawa za kunywa za muwasho 62,000. Kumwona daktari na vipimo 145,000. Nauli na kulala, pamoja na safari moja ya Dar, 278,000. Na 90,000 ambayo sitaki kuieleza sana, ilikwenda kwa mzee mmoja upande wa Mbalizi, jogoo akiwemo. Jumla 874,000.

Ada yake ya shule ni 700,000.

Malaria unapima, unameza, unarudi kazini. Hii haiishi. Ni kitu gani hasa kinafanya ugonjwa wa kujikuna uwe ghali hivi? Na nyie mnaoishi nao mnalipaje?

#2 KijiweKabwe
Nimevuta kiti. Ila mkuu, jogoo alikuwa wa rangi gani?

#3 MkaguziHesabu
Mleta mada, 168 + 231 + 62 + 145 + 278 + 90 ni 974. Umejipunja laki nzima. Halafu umeacha mstari mkubwa kuliko yote: siku. Nani anakwenda na mtoto kliniki?

#4 BabaWawili
Aisee, kweli, laki imeniponyoka. Anayekwenda ni mama yake. Anauza mitumba Mwanjelwa. Nimemuuliza sasa hivi, anasema mwaka jana meza ilifungwa siku 31 kwa ajili ya mtoto. Siku ya kawaida anaondoka na faida ya 8,000. Jogoo alikuwa mweupe.

#5 MkaguziHesabu
248,000 hiyo. Sasa tuko 1,222,000, na usiku wa kukesha haujahesabiwa.

#6 MamaNesi
Nimefanya kazi wodini na kliniki za nje miaka 29, nimestaafu. Kwa maandishi yako tu, mwanangu, naona tyubu zako ndizo zinakuponza, na si kwa sababu ni ghali. Ni kwa sababu unazipaka kidogo.

Kuna kipimo tunafundisha. Kamulia dawa kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia ncha hadi mkunjo wa kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili. Mtoto wa miaka sita, mkono mmoja mzima unataka vidole viwili na nusu, mguu mmoja vinne na nusu. Ukiwa unapaka mikono yote na miguu yote ni vidole 14, yaani gramu 7. Tyubu ya dukani ni gramu 15. Siku mbili imekwisha! Wako ni viwiko na magoti tu, itakaa zaidi, lakini nakuhakikishia wengi wanaivuta tyubu moja mwezi mzima kama wanaweka chumvi kwenye mboga. Ngozi inapoa nusu, inarudi, wananunua nyingine.

#7 DukaniSoweto
Shikamoo mama. Naheshimu, ila hapo nakupinga kidogo. Mimi niko kaunta ya duka la dawa. Wapo wanaopaka kidogo, na wapo wanaopaka steroidi kali (dawa ya kupunguza uvimbe na muwasho) usoni miezi sita kwa sababu inang'arisha. Wanakuja ngozi imekuwa kama karatasi ya sigara, mishipa inaonekana. Ukiwaambia watu wapake zaidi bila kusema ni dawa ipi na wapi, umewapa kisu.

Na ukweli wa kaunta ni huu: mteja anakuja na 3,000 mkononi, hana cheti, anasema "nipe ile ya muwasho." Kinachotoka sana ni ile krimu yenye vitatu ndani: ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Inapoza chochote kwa wiki. Kama ilikuwa fangasi, ile steroidi inaificha tu, baadaye inasambaa na hata daktari anashindwa kuitambua.

#8 MamaNesi
Marahaba. Hujanipinga, umenimalizia. Ile kali haipakwi usoni wala kwenye mikunjo ya mtoto bila mtu anayejua kumwona. Nilisahau kuandika.

#9 ChaiMufindi
Kamweneeee. Mimi siyo pumu ya ngozi, ni soriasisi. Mwaka wa 11 huu. Magamba kichwani, viwikoni, magotini, kucha zimeoza kama za mzee wa shamba na mimi ni karani.

Nitamjibu mleta mada kwa historia. Miaka mitatu ya kwanza nilitibiwa fangasi. Mitatu! Vidonge, krimu, shampuu. Baadaye kwenye zahanati moja (siitaji) nikachomwa sindano ya 15,000. Siku sita ngozi ikawa kama ya mtoto. Nikawapigia simu ndugu wote. Wiki ya tano ikarudi kwa hasira, mwili mzima mwekundu, natetemeka baridi kwenye jua. Nikalazwa siku tisa. Ndipo daktari akaniambia ile ilikuwa steroidi, na mwenye soriasisi akipewa halafu ikakatwa ghafla, ugonjwa unaweza kulipuka.

Kwa hiyo ukiniuliza hela iliishia wapi, nakwambia: kwenye kutibiwa ugonjwa usio wangu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa bado hata haujaanza kunila.

#10 BintiRungwe
Pole sana kaka. Na sasa unatumia nini?

#11 ChaiMufindi
Methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Vidonge sita vya miligramu 2.5, mara moja KWA WIKI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu kuna duka liliniandikia kwenye bahasha 1x1, kila siku. Siku ya tano mdomo wote vidonda. Hiyo dawa ukiila kila siku inaua uboho.

Kwangu kidonge ni 500, kwa hiyo 12,000 kwa mwezi, pamoja na foliki asidi, vitamini ambayo ni bei ya pipi. Siyo mbaya. Shida ni kupima damu na ini kila baada ya miezi miwili mitatu, 35,000, na nauli ya kwenda Iringa na kurudi, na siku ya kazi. Dawa yenyewe ni rahisi, naumia kwenye kulipia uhakika kwamba haijaniua.

#12 UlanziMtamu
Na wanasema ukiwa kwenye hiyo dawa hakuna kuonja pombe. Msimu huu wa ulanzi umepitaje mkuu? 😂

#13 ChaiMufindi
Usinikumbushe. Jirani anagema mianzi yake pale pale dirishani kwangu. Ini moja, haliwezi kubeba vyote.

#14 MwanaMinnesota
Wadau, mimi ni wa Tukuyu, niko Marekani. Msidhani ni kwenu tu. Huku mwenye soriasisi kali anachomwa adalimumabu, sindano kila wiki mbili. Ile ya chapa ya Humira bei ya kibandiko ilifika zaidi ya dola 6,000 kwa mwezi kabla bima haijaingia. Ya pumu ya ngozi, dupilumabu, ilipoingia sokoni 2017 ilikuwa kama dola 37,000 kwa mwaka. Kuna watafiti walipiga hesabu ya soriasisi nchini humu kwa mwaka 2013, dawa na siku za kazi na mengine, ikaja zaidi ya dola bilioni 112.

Huku ni kampuni za dawa, kwa kifupi. Hataza, yaani haki ya kutengeneza dawa peke yao.

#15 KijiweKabwe
Dola elfu sita kwa mwezi na bado unajikuna? Rudi Tukuyu, hiyo ni shamba la parachichi na ng'ombe juu.

#16 MkaguziHesabu
MwanaMinnesota, ongezea kwamba tangu mwanzoni mwa 2023 nakala za hiyo adalimumabu zimeanza kuuzwa hukohuko na nyingine bei yake iko chini sana. Halafu hiyo habari ya hataza haimhusu BabaWawili. Betamethasoni, steroidi ya kupaka, haina hataza, ni dawa ya zamani. Yeye kafilisiwa na nauli, mafuta na meza iliyofungwa.

#17 MwanaMinnesota
Nimekubali la nakala. Hilo la pili sikubali moja kwa moja, lakini sawa.

#18 BabaWawili
Asanteni. MamaNesi, hiyo 231,000 ya mafuta maalumu niliambiwa ndiyo tiba yenyewe, kwamba ngozi ikikauka ndipo inafunguka. Kwa hiyo nimeibiwa?

#19 MamaNesi
Hukuibiwa kwenye maneno, maana kulainisha ngozi ndiyo nusu ya kazi. Umepigwa kwenye chupa. Uingereza walifanya jaribio, matokeo yakatoka 2022: watoto 550 wenye pumu ya ngozi, wakagawanywa makundi manne. Losheni, krimu, jeli, na mafuta mazito ya kopo. Mwisho hakuna kundi lililoshinda jingine. Kizuri ni kile ambacho mtoto anakubali kupakwa na wewe unaweza kukinunua kwa wingi. Kopo kubwa la mafuta ya mgando yasiyo na manukato linatosha. Paka mara tu anapotoka kuoga, bado ana unyevu. Na hayo maji ya kuoga yawe vuguvugu, msimwogeshe kwa maji ya kuchunia kuku eti Uyole kuna baridi.

#20 BintiRungwe
Mama umeniua na maji ya kuku. Ndaga fijo.

Na mafuta ya parachichi je? Huku kwetu kina mama wanakamua.

#21 MamaNesi
Ya parachichi sina ushahidi nayo mkononi. Ninachokijua ni cha zeituni na alizeti: Waingereza walipima 2013 kwenye ngozi za watu wazima, ya zeituni yakaonekana kudhoofisha ngozi, ya alizeti hayakufanya hivyo. Na alizeti tunalima wenyewe, ila mtoto akienda shule ananukia chapati.

#22 FundiTofali
Nisome kidogo na mimi. Mafinga hapa. Miaka tisa nimechanganya zege kwa mikono. Viganja vikaanza kupasuka, vikatoa maji, nikajua ni upele. Mtaalamu akaniambia ni saruji, kuna kitu kinaitwa kromiamu ndani yake, mwili ukishaikataa umeikataa maisha. Dawa nilipewa, ikasaidia, nikirudi kazini wiki moja tu vimerudi.

Nilinunua glavu. Glavu za maana zinakwisha kwenye tofali siku nne. Mwishowe nimeacha ufundi, niko kwenye mbao, nalipwa nusu. Hiyo nusu nyingine sijui mtaiandika mstari gani kwenye daftari la jamaa.

#23 MkaguziHesabu
Huo mstari ndio huwa hauandikwi popote, fundi. Pole.

#24 BintiRungwe
Mimi nina mwingine usioandikwa. Nilikuwa nasuka saluni Mbeya mjini. Nina soriasisi kwenye mikono na kwenye mstari wa nywele. Wateja hawasemi kitu, wanahama tu kiti. Bosi akaniambia nipumzike "hadi upone." Mtu wa soriasisi anapona lini?

Na mnajua tunaishi mikoa gani. Utafiti wa taifa wa 2022-23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Kwa hiyo huku ukiwa na madoa watu wanakupima kwa macho barabarani. Nimepima mara tatu, mara zote sina, na cheti siwezi kukivaa shingoni. Mchumba alikwenda na maji. Sasa nasukia nyumbani, wateja wanne watano kwa wiki ambao wananijua.

#25 MamaNesi
Mwanangu, pole. Niseme jambo moja ili lisieleweke vibaya: soriasisi ikija ghafla na kali kwa mtu mzima, kupima VVU ni ushauri sahihi, maana virusi vinaweza kuichochea. Lakini kuwa na soriasisi hakumaanishi una virusi, na haiambukizi hata mkilala kitanda kimoja. Shirika la Afya Duniani lililiandika hilo la watu kunyanyapaliwa 2016.

#26 DukaniSoweto
Azimio lilikuwa 2014, mama.

#27 MamaNesi
Azimio 2014, ripoti 2016. Tuko sawa wote wawili, usinifanyie mtihani.

#28 MzeeWaIlembula
Mmeandika mengi, hamjataja bima. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita mwaka mzima. Mleta mada angekata hiyo angeokoa kumwona daktari na vipimo. Au amkatie mtoto Toto Afya, bima ya watoto, 50,400 basi.

#29 DukaniSoweto
Mzee, ile ya 50,400 ilisitishwa Machi 2023, msiwape watu bei za zamani. Aende aulize vifurushi vya sasa.

Na CHF ilikuwa nzuri, lakini iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Halafu soma daftari lake tena. Bima gani inalipa mafuta ya kopo? Kwa bima mafuta ni vipodozi. Nauli je? Jogoo je?

#30 KijiweKabwe
Bima ya jogoo ianzishwe haraka.

#31 NgoshaMgeni
Mimi naona mnazunguka. Tatizo ni madaktari wa ngozi hawapo. Nchi nzima unawahesabu. Mtu wa Makete au Ludewa anakwenda wapi? Ndiyo maana hela inaishia barabarani. Hayo mengine yote (tyubu, sindano, mganga) ni watoto wa tatizo hilo.

#32 MamaNesi
Kweli nusu. Bingwa ni wachache. Lakini Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda tangu 1992, na hawafundishi mabingwa peke yake. Wanachukua maafisa tabibu wa kawaida, wanawasomesha ngozi miaka miwili, wanawarudisha mikoani. Watu wanapanda basi kwenda Dar wakati hospitali yao ya mkoa ina mtu wa namna hiyo anakaa chumba namba fulani Jumanne na Alhamisi, hakuna aliyemuuliza. Kabla ya kukata tiketi, uliza mapokezi: "kliniki ya ngozi ni siku gani?"

#33 ChaiMufindi
Aliyenitambua mimi alikuwa afisa tabibu wa namna hiyo. Dakika nne tu. Alikwangua gamba moja, likatoka kama nta ya mshumaa, chini vitone vya damu, akasema hii siyo fangasi. Miaka mitatu dhidi ya dakika nne.

Ila NgoshaMgeni, hata sasa nina mtu sahihi na dawa sahihi, bado natoa hela kila mwezi na nitatoa hadi nizikwe. Kwa hiyo siyo madaktari tu. Ni ugonjwa wenyewe hauna mwisho.

#34 UlanziMtamu
Tuseme ukweli, ni baridi. Juni na Julai huku kila mtu ni mamba. Mpelekeni mtoto Kyela. Binamu yangu mwenye soriasisi alikaa Matema miezi miwili, jua la ziwa likamfuta yote.

#35 DukaniSoweto
Soriasisi jua linasaidia kweli, hospitali kubwa zina taa za mionzi kwa kazi hiyohiyo, unakwenda mara mbili tatu kwa wiki. Lakini wa BabaWawili ni pumu ya ngozi, jasho la Kyela linaweza kumwasha zaidi. Na utarudi na malaria, uanze daftari la pili.

#36 BabaWawili
Wiki tatu sikuonekana, samahani. Nimerudi na taarifa.

Nilikwenda kuuliza mapokezi kama mama alivyosema. Kliniki ipo. Nimepita mlango huo miaka minne. Mtaalamu amempa dawa mbili, laini ya shingo na mashavu, kali kidogo ya viwiko na magoti, akanionyesha kidole na kunipa siku za kupaka na za kuacha. Kopo la mafuta ya mgando nimenunua 6,500. Mtoto amelala usiku mzima siku tano kati ya saba. Mama yake pia amelala, na nyumba imekuwa na amani ambayo sikuizoea.

Lakini juzi kafunga meza tena nusu siku, mwalimu alimpigia: blanketi la chumba cha kupumzika cha shule ni la sufu, mtoto kajikuna shingo hadi damu. Nimeandika: nusu siku, 4,000. Blanketi jipya la pamba, 22,000.

#37 MkaguziHesabu
Umeandika na bando la kuingia humu?

#38 BabaWawili
Sijaandika. Mama wawili anasoma hapa, acha kunichongea.

#39 ShambaUyole
Habari zenu. Nimesoma uzi wote. Mimi nalima viazi, mikono yangu inawaka kila nikimaliza kupiga dawa ya ukungu shambani, sasa imefika usoni. Naweza kutumia hiyo ya kidole aliyosema mama, au nianze na mapokezi?

#40 MamaNesi
Mapokezi. Na uende na chupa ya hiyo dawa ya shambani, usiisimulie kwa mdomo.